Maoni Yamepokelewa. Nani Anajibu?

Juni 2021 ujumbe mmoja ulipita simu kwa simu nchini Kenya: ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, uangalie umeandikwa katika chama gani cha siasa. Watu wakaingia, na wengi wakapigwa na butwaa. Waliokuwa hawajawahi kushika kadi ya chama chochote walijikuta wanachama, wengine wa vyama wasivyoweza kuvipigia kura hata kwa kulipwa. Ofisi ya Msajili wa Vyama vya Siasa ikafurikwa na malalamiko, na ofisi changa ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikapata mtihani wake wa mapema.

Si vigumu kuelewa orodha hizo zilivyojaa. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakitaka chama kinachotafuta usajili kamili kionyeshe wanachama wasiopungua 1,000 katika kila moja ya kaunti zaidi ya nusu ya kaunti zote 47. Kuwatafuta watu hao mmoja mmoja na kuwashawishi ni kazi ya miaka. Kunakili majina na nambari za vitambulisho ni kazi ya alasiri moja. Orodha zilikaa kwenye majalada bila mwenye jina kuulizwa. Kilichobadilika 2021 ni kwamba kila mtu aliweza kufungua ukurasa wenye jina lake mwenyewe, na palipokuwa na uongo akajitoa chamani kwa simu ileile.

Tukio hilo linafundisha mengi kuliko makongamano mengi kuhusu teknolojia na demokrasia. Hakuna aliyeombwa maoni. Hakuna aliyepakua programu mpya ya kupiga gumzo na gavana. Watu walionyeshwa rekodi, wakapewa njia ya kuirekebisha, na ofisi ya umma ikabaki na jambo la kujibu.

Serikali zetu, na wafadhili wanaozisaidia, hupenda teknolojia ya upande wa pili: ile ya kusema. Kila mwaka huzinduliwa tovuti ya maoni, nambari ya ujumbe mfupi, akaunti ya kaunti katika mitandao ya kijamii. Vingi vya vyombo hivyo vinafanana na sanduku la maoni kwenye ukumbi wa ofisi, lenye kufuli ambayo ufunguo wake hakuna ajuaye uko kwa nani. Mwananchi wa leo hakosi mahali pa kusema. Anakosa mambo mawili: kuziona karatasi zenyewe, na kuwa na mtu aliyefungwa na sheria kumjibu. Teknolojia inayompa hayo mawili hupanua demokrasia. Isiyompa humchosha tu, na akishachoka huacha hata kupiga kura.

Katiba ilivyoahidi

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imetaja ushiriki wa wananchi mahali pengi. Kifungu cha 10 kinauweka miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liendeshe shughuli zake hadharani na kuwashirikisha watu katika kutunga sheria. Cha 196 kinayabana mabunge ya kaunti vivyo hivyo. Kifungu cha 201 kinaupeleka ushiriki kwenye fedha za umma, na cha 119 kinampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi bungeni.

Muhimu kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni Kifungu cha 35: haki ya kila raia kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Mwaka 2016 haki hiyo ilitungiwa sheria. Ukiiandikia ofisi ya umma kuomba habari, inapaswa kukujibu ndani ya siku 21. Ikiwa habari hizo zinahusu uhai au uhuru wa mtu, ndani ya saa 48. Ikikunyima, unakwenda kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, inayojulikana zaidi kama Ombudsman.

Mahakama nazo zimeendelea kuunoa ushiriki huo. Novemba 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco dhidi ya kanuni za Wizara ya Afya, Mahakama ya Juu ilieleza kwamba ushirikishaji wa umma lazima uwe wa kweli, usiwe desturi ya kutimiza wajibu tu. Machi 2022, katika kesi ya mpango wa kubadilisha Katiba uliofahamika kama BBI, mahakama hiyohiyo ilikataa sehemu iliyobuni maeneo bunge mapya 70, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kuhusu sehemu hiyo.

Kwa hiyo Kenya haina upungufu wa ahadi. Swali ni vipi ahadi inamfikia mama muuza mboga Kitui au bodaboda wa Busia, na teknolojia inaingilia wapi.

Fomu mlangoni, picha mtandaoni

Mfano bora zaidi ninaoujua ni wa karatasi moja: Fomu 34A. Kura za urais zikishahesabiwa kituoni, msimamizi huandika matokeo kwenye fomu hiyo, mawakala wa wagombea wakatia sahihi na kupewa nakala, na nakala nyingine ikabandikwa pale kituoni hadharani. Ni jambo dogo la kiofisi, lakini historia ya kidemokrasia ya Kenya kwa miaka kumi na mitano imezunguka fomu ya namna hiyo.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, ghasia ziliua zaidi ya watu 1,100 na kuwahamisha zaidi ya nusu milioni. Januari 2008 kundi dogo la Wakenya na marafiki zao, miongoni mwao Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia, walitengeneza Ushahidi, ramani ya mtandaoni iliyokusanya taarifa za ghasia kutoka kwa watu wa kawaida kupitia ujumbe wa simu na barua pepe. Miaka miwili baadaye programu hiyo ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi. Lakini ramani ya ghasia haikuweza kujibu swali lililozianzisha: nani alishinda? Tume ya jaji Johann Kriegler ilichunguza na kufikia hitimisho kwamba hesabu zilikuwa zimevurugika kiasi kwamba haikuwezekana kujua.

Jawabu la kwanza lilikuwa kununua mashine. Mwaka 2013 vifaa vya kuwatambua wapiga kura kwa alama za vidole viligoma katika vituo vingi, mfumo wa kupeleka matokeo ukakwama, na kwenye skrini za kitaifa idadi ya kura zilizoharibika ikawa inazidishwa mara nane kwa sababu ya kasoro ya programu. Mwaka 2017 vilikuja vifaa vipya vya kazi hizo mbili, vilivyoitwa KIEMS. Matokeo yakamiminika kwenye skrini, lakini yalikuwa tarakimu tupu: fomu zenyewe zilichelewa, na mshindi akatangazwa kabla hazijaonekana zote. Tume ya uchaguzi ilikuwa imetangaza siku chache kabla ya kura kwamba zaidi ya vituo 11,000 kati ya 40,883 havikuwa na mtandao wa kasi ya kutosha. Tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ilifuta uchaguzi wa urais, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Afrika. Miongoni mwa sababu ni jinsi matokeo yalivyopelekwa, na tume kushindwa kufungua seva zake zikaguliwe kama ilivyoamriwa.

Mwaka 2022 tume ilifanya jambo ambalo halikuhitaji mashine ya ajabu. Kila Fomu 34A ilipigwa picha kituoni, picha ikapanda kwenye tovuti ya umma, na yeyote mwenye intaneti akaweza kuipakua. Vituo vilikuwa 46,229. Usiku wa tarehe 9 Agosti fomu zilianza kuonekana, na hadi siku ya kutangazwa mshindi karibu zote zilikuwepo. Mwanafunzi wa Kisumu aliweza kulinganisha picha ya fomu iliyobandikwa kwenye shule ya mtaani kwao na ile iliyo mtandaoni. Vyama, vyombo vya habari na vikundi vya vijana wenye kompyuta za mezani walijumlisha wenyewe.

Ushindi wa William Ruto ulikuwa mwembamba, asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga, na makamishna wanne kati ya saba waliyakana matokeo. Hali kama hiyo ndiyo huwasha nchi. Kesi ilipofika Mahakama ya Juu, upande wa walalamishi ulidai fomu zilibadilishwa njiani kati ya kituo na tovuti. Mahakama ikaagiza ukaguzi, fomu za karatasi kutoka vituo teule zikalinganishwa na za mtandaoni na nakala za mawakala, na madai hayo hayakuthibitika. Tarehe 5 Septemba 2022 majaji wote saba waliidhinisha matokeo. Wengi hawakufurahi, lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi zinazoonekana, haukuwa juu ya uvumi.

Tuangalie kwa makini teknolojia ilifanya kazi gani hapo. Haikuhesabu kura, walihesabu watu, kwa mkono, mbele ya mawakala. Haikuondoa karatasi, iliizidishia macho. Hiyo ndiyo tofauti kati ya 2017 na 2022: mfumo wa kwanza ulimwambia raia aamini tarakimu, wa pili ulimkabidhi chanzo cha tarakimu akague mwenyewe.

Hata hivyo haukukamilika. Fomu ziliwekwa kama picha, si kama jedwali linaloweza kujumlishwa na kompyuta, kwa hiyo kila kituo cha televisheni kiliajiri vijana wa kuingiza tarakimu kwa mkono, kila kimoja kikianzia eneo tofauti. Kwa siku kadhaa runinga tofauti zilionyesha viongozi tofauti, na taharuki ikapanda, halafu baadhi zikaacha kabisa kujumlisha. Kumfungulia mtu ghala si sawa na kumpa chakula kilichopikwa. Data huria inahitaji pia mpangilio, maelezo na watu waliofundishwa kuisoma.

Mswada uliosomwa na wengi

Upande wa kutunga sheria mambo ni tofauti. Utaratibu wa kawaida wa Bunge la Kenya ni kuchapisha tangazo magazetini likiwaalika wananchi kuleta maoni kwa maandishi kwa karani, au kufika mbele ya kamati. Mswada wenyewe huandikwa kwa Kiingereza cha kisheria, umejaa maneno kama "futa aya ya tatu, weka badala yake", kiasi kwamba bila kuishika pia sheria inayorekebishwa hutaelewa lolote. Kwa miaka mingi waliofika mbele ya kamati walikuwa wahasibu wa makampuni makubwa, vyama vya wafanyabiashara na mashirika machache ya kiraia.

Mwaka 2024 ukuta huo ulipata ufa. Mswada wa Fedha ulipendekeza, pamoja na mengine, VAT ya asilimia 16 kwa mkate na kodi ya kila mwaka ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Vijana waliugawana mswada huo vipande vipande. Waliueleza kwenye TikTok kwa Kiswahili, kwa Sheng na kwa lugha za nyumbani. Wengine wakaueleza kwa lugha ya ishara. Mtaalamu mmoja wa programu alitengeneza kitumizi cha akili unde ambacho ungekiuliza swali kuhusu kifungu chochote nacho kingekujibu kwa lugha nyepesi. Mijadala ya sauti kwenye X ilikesha, wanasheria na wachumi wakijibu maswali ya watu wasiowajua. Nambari za simu za wabunge zilisambazwa, wakaandikiwa ujumbe kwa maelfu.

Kama kusikika kungekuwa ni suala la sauti tu, kazi ingekuwa imekwisha. Serikali iliondoa baadhi ya mapendekezo, ikiwemo VAT ya mkate, lakini tarehe 25 Juni wabunge 195 walipiga kura ya ndiyo dhidi ya 106. Siku hiyohiyo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge, polisi wakafyatua risasi. Makumi ya Wakenya waliuawa katika maandamano ya wiki zile. Tarehe 26 Juni Rais alikataa kuutia sahihi mswada huo.

Wengi huisimulia habari hiyo kama ushindi wa mitandao ya kijamii. Mimi naiona pia kama gharama ya kukosekana kwa hatua moja ya kiofisi. Maelfu ya watu walikuwa wametoa maoni, na hapakuwa na ukurasa ambapo raia angesoma: pendekezo hili lilitolewa na watu wangapi, kamati imelikubali au imelikataa, na sababu ni hii. Palipokosekana jibu la maandishi, jibu likatafutwa barabarani.

Mahakama zilikuwa tayari zinalizungukia suala hilo. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufaa iliitangaza Sheria ya Fedha ya 2023 kuwa kinyume cha Katiba. Ilisema Bunge liliingiza vifungu vipya baada ya wananchi kutoa maoni, na kwamba lilipaswa kueleza sababu za kukubali au kukataa maoni yaliyoletwa. Tarehe 29 Oktoba 2024 Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo: Katiba, ilisema, haijaweka waziwazi wajibu wa Bunge kutoa sababu kwa maandishi, ingawa kufanya hivyo ni desturi njema. Ikalihimiza Bunge litunge sheria ya ushirikishaji wa umma.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Haki ya kusema imeandikwa katika Katiba. Wajibu wa kujibu umeachwa kuwa desturi njema. Miswada ya kuuweka katika sheria imefikishwa bungeni zaidi ya mara moja tangu 2016.

Nchini Taiwan wamelijaribu jambo hili kwa njia mbili, na tofauti yake inafundisha. Baada ya vijana kuliteka jengo la bunge Machi 2014, wataalamu wa kujitolea walianzisha mchakato wa vTaiwan. Ulitumia programu ya Pol.is, ambayo mtu huandika kauli fupi, wengine wakaikubali, wakaikataa au wakaipita, na haina kitufe cha kujibizana. Kompyuta huonyesha kauli zinazokubaliwa hata na makundi yanayopingana. Mwaka 2015 ilisaidia kupata mwafaka kuhusu teksi za Uber. Lakini serikali haikufungwa na matokeo yake, na baada ya miaka michache msisimko ukapungua. Tovuti ya serikali iitwayo Join ni ya kawaida kabisa kiufundi, ila ina kanuni moja: ombi likipata sahihi 5,000 ndani ya siku 60, wizara husika lazima ijibu hadharani. Programu yenye akili nyingi ilidhoofika. Tovuti yenye wajibu wa kujibu imeendelea kutumika.

Makueni: sahihi ya wanakijiji

Hapa nyumbani, mfano unaotajwa zaidi wa ushiriki uliofaulu hauna teknolojia ya kujivunia. Kaunti ya Makueni, chini ya gavana wake wa kwanza, profesa wa sheria Kivutha Kibwana, aliyeongoza kutoka 2013 hadi 2022, ilipanga mikutano ya bajeti kuanzia vijijini. Kulikuwa na zaidi ya vikao 3,000 vya ngazi ya kijiji, mapendekezo yakapanda hadi wadi, kaunti ndogo, kisha kaunti nzima.

Mikutano mingi peke yake ingekuwa gumzo jingine. Kilichoipa nguvu ni kamati ya wananchi ya kusimamia kila mradi. Wanakijiji huchagua wenzao, nao hujua mkandarasi ametakiwa kujenga nini, na kamati isipotia sahihi kwamba kazi imekamilika, mkandarasi halipwi. Hiyo sahihi ndiyo hubadilisha uhusiano. Mkandarasi aliyezoea kupigia simu ofisi za kaunti mjini Wote sasa anamsikiliza mzee aliyeketi chini ya mwembe, kwa sababu malipo yanapita kwake.

Simu inaweza kuongeza nguvu mpango wa namna hiyo bila kuwa ya bei ghali. Mkoani Kivu Kusini, Kongo, mradi wa bajeti shirikishi uliosaidiwa na Benki ya Dunia mwanzoni mwa miaka ya 2010 ulitumia ujumbe mfupi wa simu kuwaita wakazi kwenye mikutano ya bajeti na kuwafahamisha yaliyoamuliwa. Ujumbe wa pili, ule wa kuwarudishia watu uamuzi, ndio wengi husahau kuutuma.

Walio nje ya mtandao

Tukisema demokrasia jumuishi, hatuwezi kuruka hesabu hizi. Sensa ya Kenya ya 2019 ilionyesha kwamba kati ya watu wenye umri wa miaka mitatu na zaidi, asilimia 22.6 ndio waliokuwa wakitumia intaneti: 42.5 mijini, 13.7 mashambani. Waliokuwa na simu ya mkononi hawakufika nusu. Idadi imepanda tangu hapo, ila mteremko wenyewe uko palepale: kijana wa mjini juu, mama wa kijijini chini. Kaunti ikihamishia ushirikishaji wake wote mtandaoni, inawahamisha watu hao nje ya kikao bila kuwafukuza.

Kuna tiba zinazojulikana. Huduma za kubofya nyota na reli hufanya kazi hata kwenye simu ya kabambe isiyo na intaneti. Ndivyo Wakenya wanavyotuma pesa kila siku, na mpiga kura ameweza kuhakikisha usajili wake kwa kutuma nambari ya kitambulisho kwa ujumbe mfupi. Redio za lugha za nyumbani, ambazo watu huzipigia simu asubuhi na jioni, ni ukumbi mkubwa kuliko tovuti yoyote ya kaunti, ila maoni yanayotolewa huko hayahesabiwi na kamati yoyote. Kiswahili ni lugha ya taifa na rasmi kwa Kifungu cha 7 cha Katiba. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili kwa kila mswada ungewaingiza watu wengi kuliko programu kumi. Kifungu cha 54 nacho kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine ifaayo, haki ambayo vijana wa TikTok waliitimiza 2024 mapema kuliko ofisi nyingi za umma.

Wanawake wana kikwazo cha ziada. Mwanamke anayegombea kiti, au anayeuliza tu swali la bajeti katika kundi la WhatsApp la wadi, hutukanwa kwa maumbile yake na ndoa yake. Wengi hunyamaza, na ukimya wao husomwa kama kutojali. Msimamizi wa kundi na kanuni za mjadala zinazofuatwa kweli ni sehemu ya miundombinu ya demokrasia kama mnara wa simu.

Bei ya kuuliza

Teknolojia ileile inayomwonyesha raia faili inaweza kuionyesha dola raia. Mwishoni mwa Mei 2025 polisi wa Kenya walimkamata mtaalamu wa programu aliyetengeneza ukurasa uliomwezesha mtu kutuma pingamizi lake dhidi ya Mswada wa Fedha wa mwaka huo kwa barua pepe. Alishtakiwa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018, kwa madai kwamba alivuruga mfumo wa Bunge. Kabla ya mwezi mmoja kupita hakimu aliitupa kesi kwa kuwa mashtaka hayakuonyesha kosa. Raia alikuwa amefanya kile ambacho tangazo la Bunge humwomba afanye, kwa njia ya haraka zaidi.

Majirani wana mifano mikubwa zaidi. Kongo ilikata intaneti kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya kura, kwa takriban wiki tatu. Uganda iliizima usiku wa kuamkia uchaguzi wa Januari 2021. Tanzania iliizima siku ya uchaguzi, tarehe 29 Oktoba 2025. Serikali inayozima mtandao siku ya kura huwanyima watu gumzo, kweli, lakini huwanyima zaidi uwezo wa kulinganisha fomu na fomu. Ndiyo maana ulinzi wa kwanza ni karatasi: nakala ya wakala, nakala iliyobandikwa kituoni. Mfumo usioweza kukaguliwa bila umeme na intaneti unamtegemea mwenye swichi.

Ya kudai kabla ya 2027

Wakenya watapiga kura tena tarehe 10 Agosti 2027. Tume mpya ya uchaguzi imekuwa kazini tangu Julai 2025. Badala ya kusubiri programu mpya, yapo mambo matatu ya kudai, na hakuna hata moja linalohitaji uvumbuzi.

La kwanza, Fomu 34A zirudi mtandaoni kama 2022, safari hii pamoja na jedwali la tarakimu linaloweza kupakuliwa na kujumlishwa na yeyote, ili runinga zisituchanganye kwa kasi zao tofauti.

La pili, kila kamati ya Bunge na ya kaunti iweke daftari la maoni lililo wazi: pendekezo, uamuzi, sababu. Kamati tayari huandika ripoti, na karani tayari anapokea barua. Kinachokosekana ni safu ya tatu ya jedwali na sheria inayoilazimisha ijazwe. Mbunge atakayekuomba kura aulizwe kama ataiunga mkono sheria hiyo, kwa ndiyo au la.

La tatu, hakuna ushirikishaji wa mtandaoni usio na pacha wake wa ana kwa ana na wa simu ya kawaida. Kaunti ikitangaza maoni kwenye tovuti, itangaze pia baraza, redio na nambari ya ujumbe mfupi, na iyahesabu yote katika daftari moja.

Mwananchi hahitaji kungoja mpaka hayo yatimie. Kundi la akina mama wa chama, wazee wa kanisa au wa msikiti, au wanafunzi wa chuo cha kiufundi, wanaweza leo kuiandikia kaunti yao barua ya ukurasa mmoja: tunaomba orodha ya maoni yaliyotolewa katika wadi yetu kuhusu bajeti ya mwaka huu, na maelezo ya yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Itajeni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Wekeni tarehe, mgongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, kisha mhesabu siku 21. Jibu likija, lisomeni hadharani kwenye mkutano ujao. Lisipokuja, barua ya pili iende kwa Ombudsman.